Kupiga Windows au Linux kwenye laptopu isiyo na tundu la sidii: mwongozo kamili

"Shikamoo mjomba. Laptopu imepatikana, ila haina pa kuingizia sidii. Sasa Windows itapigwaje?"

Ujumbe huo ulitoka kwa mpwa wangu, zikiwa zimebaki wiki mbili afungue chuo. Mama yake alijibana miezi mingi hadi akamnunulia ThinkPad X250 iliyotumika: mashine ndogo ya inchi 12.5, ngumu, yenye kibodi inayopendeza kuandikia. Shida ni kwamba ilikuja na Windows 10 yenye akaunti ya mtu mwingine, na neno la siri hata muuzaji hakulijua. Akaambiwa arudi na hela ya fundi. Nikamwambia asitoe hata mia, aje kwangu Jumamosi asubuhi na flashi.

Saa nane mchana mashine ilikuwa tayari. Katika muda wote huo, kusakinisha kwenyewe kulichukua kama dakika ishirini. Saa zilizobaki zilikwenda kwenye maandalizi, na huko ndiko nitakokukawiza, kwa sababu karibu kila mtu niliyemsaidia baada ya kukwama alikwama kwa jambo alilolipuuza mapema.

Sidii yenyewe imeshapitwa

Usihangaike kutafuta kifaa cha nje cha kusomea dividii. Sidii ya kawaida hubeba MB 700, na dividii ya tabaka moja GB 4.7. Faili la Windows 11 limeshavuka GB 5, kwa hiyo hata ungekuwa na tundu lake lisingeenea kwenye dividii ya kawaida. Flashi ya GB 16 inabeba mzigo huo na nafasi inabaki.

Ukielewa kinachotokea kompyuta inapowashwa, mengine yote yatakuwa mepesi. Kabla Windows haijaonekana, kuna programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama inayoamka kwanza. Zamani iliitwa BIOS, siku hizi ni UEFI, ingawa mafundi wengi bado wanatumia jina la zamani. Kazi yake ni kutafuta mahali penye mfumo unaoweza kuanza, kisha kuukabidhi mashine. Haijali kama mahali hapo ni sidii, diski ya ndani au flashi. Inachotaka ni kukuta mafaili yamepangwa kwa namna inayoijua. Ndiyo maana ukinakili faili la ISO (faili moja lenye nakala nzima ya diski ya kusakinishia) kwenye flashi kama unavyonakili wimbo, kompyuta itaiangalia flashi hiyo na kuipita. Lazima flashi iandikwe na programu maalumu, na tutafika huko.

Windows au Linux?

Amua kabla hujachoma bando. Linux ni mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sioni sababu ya kuisakinisha upya leo. Windows 11 nayo ina masharti: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu.

Kizazi kinasomeka kwenye jina la prosesa. i5-8350U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Mashine kama HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, haimo. Nyingi za 840 G5 zina kizazi cha nane na zinakubali, lakini soma prosesa yenyewe, usiishie kwenye jina lililobandikwa kwenye mfuniko. Kujua TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Toleo limeandikwa kwenye dirisha linalofunguka.

Ya mpwa wangu ilikuwa na i5-5300U, kizazi cha tano. Zipo njia za kuyaruka masharti hayo na kuisukumia Windows 11 kwa nguvu, na programu nitakayoitaja chini ina kisanduku cha kufanya hivyo. Inafanya kazi. Lakini Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na mimi siwezi kumpa mwanafunzi mashine ya kuandikia tasnifu huku nikijua inaweza kumgomea katikati ya muhula. Tukachagua Linux Mint 22, aina mojawapo ya Linux. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, na GB 4 ndiyo ya raha. Inatosheka na diski ya GB 20, na itapata masasisho hadi mwaka 2029. Inakuja na LibreOffice inayofungua mafaili ya Word na Excel, na haidai leseni. Ina sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Kama RAM yako ni GB 4, chukua Xfce. Kuanzia GB 8, Cinnamon itakwenda vizuri.

Jambo moja la kuuliza kwanza: kozi yako inadai programu gani? AutoCAD na ArcGIS Pro hazina toleo la Linux. Anayesomea uhandisi au ramani atafute mashine inayokubali Windows 11 tangu siku ya kununua.

Halafu kuna Windows za kubahatisha, zile zinazozunguka kwenye flashi za mitaani zikiwa "zimeshafunguliwa". Sizitumii, na nakuomba nawe uziache. Aliyezichokonoa ili zisidai leseni alikuwa na nafasi ya kuweka ndani chochote alichotaka, na wewe ndiye utakayeandika humo neno la siri la benki. Tena mara nyingi huna haja nazo. Laptopu nyingi zilizouzwa na Windows tangu enzi za Windows 8 zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama. Kwa zilizouzwa na Windows 10 au 11, ukisakinisha toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, kwa kawaida itajifungua yenyewe ikipata intaneti.

Flashi ya kweli na flashi ya uongo

Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoteza siku nzima.

Miaka michache iliyopita nilinunua flashi barabarani, imeandikwa GB 64. Kompyuta iliisoma kuwa ni GB 64. Nikaiandikia Windows bila kosa lolote. Wakati wa kusakinisha ikafika asilimia sitini na ushei, ikasimama, ikatoa kosa 0x8007025D na maneno kwamba mafaili yanayohitajika hayawezi kusakinishwa. Nikarudia. Ikasimama palepale. Nikadhani diski ya laptopu imekufa, nikaifungua, nikaitoa, nikaipima kwenye mashine nyingine. Nzima kabisa. Jioni ndipo nilipoigeukia flashi.

Flashi za aina hiyo zina kipande kidogo cha kumbukumbu, pengine GB 4 au 8, na chipu iliyofundishwa kudanganya. Ukiiuliza ukubwa inajibu GB 64. Ukiiandikia inapokea kila kitu kwa adabu, ila vinavyozidi nafasi yake halisi vinatupwa au vinaandikwa juu ya vile vya mwanzo. Majina ya mafaili utayaona yote. Yaliyomo hayapo.

Dawa yake ni kuipima kabla ya kuitegemea. Kwenye Windows tumia programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux tumia F3. Zinaijaza flashi hadi pomoni kisha zinasoma tena kila kilichoandikwa na kulinganisha. Kwa flashi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kuijaza tu ni karibu saa nzima, halafu kuna kusoma. Iache ipimwe huku unafanya mengine. H2testw ikimaliza na kusema "Test finished without errors", una flashi ya kweli.

Ukubwa: GB 8 ndiyo chini kabisa, nunua 16 au 32. Tundu la USB lenye rangi ya buluu ndani kwa kawaida ni la kasi ya USB 3. Lakini kwenye mashine za zamani, flashi ikigoma kuonekana humo, ihamishie kwenye tundu jeusi.

Mafaili kwanza

Chochote kilichomo kwenye diski utakayosakinishia, kihesabu kimekwenda. Nakili picha, nyaraka, vilivyo kwenye uso wa kompyuta na kwenye folda ya vilivyopakuliwa, uviweke kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Usiviweke kwenye flashi ya kusakinishia, maana nayo itafutwa. Kisha fungua mafaili matatu manne kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka kweli.

Kama Windows ya zamani imekufa na haifunguki, usikate tamaa juu ya mafaili. Flashi ya Linux Mint tutakayotengeneza inaweza kuiwasha kompyuta bila kusakinisha chochote, ukafungua diski ya ndani kama folda, ukanakili vyako kwa utulivu. Nimewahi kuokoa hivyo picha za harusi ya jirani, zote, kutoka kwenye laptopu iliyokuwa imetangazwa ni marehemu.

Kikwazo pekee cha maana ni BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya UEFI, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia uutafute na kuuandika kwenye karatasi kabla hujagusa kitu, si baada.

Kupakua

Windows 11 pakua kwenye tovuti ya microsoft.com, Linux Mint kwenye linuxmint.com. Usichukue kwenye tovuti nyingine inayotangaza "toleo jepesi". Microsoft wana programu yao, Media Creation Tool, inayopakua na kuandika flashi kwa mkupuo mmoja. Ni rahisi, ila mimi napenda kupakua faili la ISO lenyewe, kwa sababu likishakuwa kwenye diski nalitumia tena kesho bila kuchoma bando upya. Faili la Mint ni karibu GB 3. Kama mtandao wako unakatika-katika, Mint wanatoa pia torenti, na torenti huendelea pale ilipoishia.

Likishashuka, lipime. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda lilipo faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti ulikopakua. Ukitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani, lipakue tena. Ni dakika mbili tu, na zinakuondolea shaka zote za mbele.

Kuiandika flashi

Kama una kompyuta nyingine yenye Windows, tumia Rufus kutoka rufus.ie. Ni programu ndogo, haihitaji hata kusakinishwa. Chomeka flashi, chomoa nyingine zote zilizochomekwa, fungua Rufus. Juu kabisa panapoandikwa "Device" hakikisha ni flashi yako, ukiangalia jina na ukubwa. Bofya "SELECT", chagua faili la ISO. Chini yake kuna "Partition scheme": kwa Windows 11 iwe GPT, kwa Mint iache kama Rufus yenyewe ilivyopanga. Mengine usiyaguse. Bofya "START".

Kwa faili la Linux itakuuliza namna ya kuandika, chagua ile iliyopendekezwa, ya ISO. Kwa faili la Windows itakuletea visanduku vichache, kikiwamo cha kuondoa masharti ya TPM niliyoyasema, na cha kukuruhusu kuanza bila akaunti ya mtandaoni. Hicho cha pili kinafaa sana kwa aliye mbali na intaneti. Itakuonya kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Kubali. Ukanda wa chini ukigeuka kijani na kuandika "READY", umemaliza. Funga Rufus, toa flashi kwa utaratibu.

Kwenye Mac au Linux, balenaEtcher inafanya kazi hiyo kwa faili la Mint. Na kama huna kompyuta nyingine kabisa, unayo simu ya Android tu, programu ya EtchDroid pamoja na waya wa OTG (wa kuunganisha flashi na simu) inaweza kuandika Linux kwenye flashi kutoka kwenye simu. Kwa faili la Windows haifai. Wenye laptopu moja iliyokufa, na mkononi simu peke yake, wengi hawajui kwamba njia hii ipo.

Kuiwasha kwa flashi

Chomeka chaja. Betri ya laptopu iliyotumika si ya kuaminiwa, na kama mtaani kwenu umeme una tabia ya kukatika jioni, fanya kazi hii asubuhi.

Zima kompyuta moja kwa moja. Windows ina tabia ya kulala nusu badala ya kuzimika, kwa hiyo shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Shut down". Chomeka flashi, washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu ya kuwashia, gonga-gonga usishikilie. Kwa HP ni Esc kisha F9. Dell ni F12. ThinkPad ni F12, au Enter kwanza kisha F12. Asus nyingi ni Esc. Acer ni F12, lakini mara nyingi lazima uingie kwanza kwenye mipangilio kwa F2 na kuiruhusu menyu hiyo. Ukichelewa na Windows ikatokea, usiizime kwa nguvu. Ingia, shikilia Shift ubofye "Restart", kisha uchague "Use a device".

Kwenye orodha itakayotokea, flashi yako inaweza kuonekana mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele. Chagua hiyo yenye UEFI.

Kwa wanaonunua mashine zilizotumika, neno moja la dukani: kabla hujalipa, iwashe na uingie kwenye mipangilio ya BIOS, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikikudai neno la siri pale, irudishe. Nyingi zilikuwa za maofisi na wenyewe walifunga. Neno hilo haliondoki kwa kufomati diski, na linaweza kukuzuia hata kuwasha kwa flashi. Ile ya mpwa wangu tuliingia bila kudaiwa kitu, nikashusha pumzi.

Kusakinisha Linux Mint

Chagua "Start Linux Mint" na usubiri. Baada ya dakika moja au mbili utaona uso wa kompyuta kamili, unaofanya kazi kutoka kwenye flashi, diski ya ndani haijaguswa. Usikimbilie kusakinisha. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, fungua kamera, zima na kuwasha mwanga wa skrini. Kama kuna kifaa kisichokubali, ni afadhali ukijue sasa. Na kama ulikuwa na mafaili ya kuokoa, ndio wakati wake.

Ukiridhika, bofya mara mbili ikoni ya "Install Linux Mint". Chagua lugha, kisha mpangilio wa kibodi, English (US) kwa laptopu nyingi zinazouzwa kwetu, lakini jaribu alama ya @ kwenye kisanduku cha majaribio, kwa maana zilizotoka Uingereza mpangilio wake ni tofauti. Weka tiki kwenye kisanduku cha "multimedia codecs", bila hivyo baadhi ya video hazitacheza.

Halafu unafika kwenye ukurasa wenye uzito, "Installation type". "Erase disk and install Linux Mint" inafuta kila kitu, na ndiyo tuliyoichagua. "Install alongside" inaiacha Windows na kukuwezesha kuchagua kila unapowasha. Inafaa kwa mwenye diski kubwa na Windows nzima. Ukibofya kuendelea, itakuonyesha diski itakayoandikwa. Soma ukubwa wake. Mpwa wangu alisita hapo, akaniuliza, "Mjomba, mbona hapa inasema 256, na ya rafiki yangu ya 256 kwenye Windows inasema 238?" Hakuna kilichopotea. Wauzaji wa diski wanahesabu kwa maelfu, programu nyingi zinahesabu kwa 1,024, na programu nyingine zinafuata hesabu ya wauzaji. Diski ya GB 256 utaiona kama 238 au 256, ya TB 1 kama 931, na flashi ya GB 16 kama 14 na kitu. Unachotafuta ni uhakika kwamba si flashi wala diski ya nje yenye nakala zako. Diski hiyo ya nje iwe imeshachomolewa tangu mwanzo.

Chagua saa za Dar es Salaam au Nairobi kwenye ramani, andika jina, weka neno la siri utakalolikumbuka. Kisha acha ifanye kazi. Ikimaliza itakuambia uchomoe flashi na ubonyeze Enter.

Kusakinisha Windows 11

Mwendo ni uleule. Lugha, kibodi, kisha itadai ufunguo wa bidhaa: chagua "I don't have a product key". Kwenye orodha ya matoleo chagua lililokuwamo, Home au Pro.

Ukifika kwenye orodha ya diski utaona partisheni (vipande vya diski) kadhaa, ndogondogo na moja kubwa. Kama unaanza upya na mafaili yako yako salama, futa moja moja zile zote zilizo kwenye diski ya ndani hadi ibaki "Unallocated Space" moja, uichague hiyo na uendelee. Windows itajigawia yenyewe. Usifute ya flashi, utaitambua kwa ukubwa wake.

Kuna laptopu, hasa za Intel kizazi cha 11 na kuendelea, ambazo hapo orodha inakuja tupu kana kwamba hakuna diski. Diski ipo. Teknolojia ya Intel iitwayo VMD imeificha, na Windows haina draiva yake, yaani programu ndogo ya kuiwezesha kukitambua kifaa hicho. Pakua draiva ya Intel RST kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue kwenye folda ndani ya flashi, kisha ubofye "Load driver" na kuionyesha. Diski itatokea.

Baada ya kunakili mafaili kompyuta itajizima na kuwaka. Hapo chomoa flashi mara tu skrini inapozimika. Usipochomoa, na ikawaka tena kwa flashi, itaanza usakinishaji upya kutoka ukurasa wa kwanza, na wengi huzunguka hapo mara tatu wakidhani imeharibika.

Itakapofika kudai mtandao na Wi-Fi haionekani, chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, na kwenye mipangilio ya hotspoti washa sehemu ya kushiriki intaneti kwa USB. Mara nyingi kompyuta inaiona kama waya wa mtandao na kazi inaendelea. Njia hii imenisaidia hata kwenye Linux.

Ikigoma

Flashi haionekani kwenye menyu: jaribu tundu jingine, kisha angalia kwenye mipangilio kama kuwashwa kwa USB kumeruhusiwa. Ikiwa mashine ni ya zamani na inajua Legacy tu (namna ya BIOS ya zamani, bila UEFI), rudi kwenye Rufus uandike kwa MBR.

Ujumbe wa "Secure Boot Violation" (ulinzi wa UEFI umeukataa mfumo ulio kwenye flashi): kwanza hakikisha ISO ni halisi na umeipima. Mint na Windows rasmi kwa kawaida hupita. Isipopita, zima Secure Boot kwa muda, usakinishe, uiwashe tena.

Tovuti zote zinakataa kufunguka baada ya kusakinisha, zikilalamika kuhusu usalama: angalia tarehe. Laptopu iliyokaa stoo muda mrefu betri yake ndogo ya saa imekufa, na kompyuta inaamini ni miaka mingi nyuma. Rekebisha tarehe, kisha tafuta fundi akubadilishie betri hiyo.

Kosa katikati ya kunakili, hasa likisimama palepale kila mara: flashi, flashi, flashi. Ndiyo, inawezekana ni diski au RAM, lakini anza na flashi.

Baada ya hapo

Kwenye Windows ingia Settings, endesha Windows Update hadi isiwe na cha kuleta, maana draiva nyingi huja humo, kisha angalia "Activation" kama imejifungua. Kwenye Mint fungua Update Manager, halafu Driver Manager, halafu Timeshift, ambayo inatunza picha ya mfumo ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Kwa mpwa wangu tuliiweka itunze picha moja kila wiki.

Flashi iache kama ilivyo, ibandike karatasi yenye jina la mfumo na mwaka, uitunze kwenye begi la laptopu. Siku mashine itakapokataa kuwaka ukiwa hosteli, hiyo ndiyo itakayokufungulia mafaili yako. Ukiihitaji kwa kazi nyingine, usishangae ikionekana imepungua au imegawanyika vipande. Fungua Rufus, kwenye "Boot selection" chagua "Non bootable", bofya "START", na ukubwa wake wote utarudi.